Deco M4 tatu na kebo ya mita 46: namna waifai ilivyofika juu ya nyumba yetu Kiponda

Nafundisha Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wangu wako Ujerumani, Japani na Marekani, na chumba changu cha kufundishia ni banda la juu ya paa la nyumba yetu, Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Intaneti inaingia chini kabisa, pembeni mwa mlango mkubwa, pale ambapo kampuni ilileta faiba na kuifunga ruta yake ukutani. Kati ya ruta ile na meza yangu pana vidato 61 vya ngazi. Navijua vyote, maana kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikivishuka mbio na laptopu mkononi kila mwanafunzi alipoanza kuganda kwenye kioo.

Sasa huu ni mwezi wa saba sijashuka ngazi kwa sababu hiyo. Naandika kuhusu vifaa vilivyotutoa hapo, kwa sababu nilipokuwa natafuta ushauri nilikuta maelezo mengi ya nyumba za mbao za Marekani na fleti mpya za matofali mepesi, na sikumwona hata mmoja aliyeizungumzia nyumba kama yetu. Na zipo nyingi, hapa na Mombasa na Lamu.

Nianze na nyumba yenyewe, maana ndiyo iliyoamua kila kitu. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wetu wa katikati una unene wa sentimita 55. Niliupima kwenye fremu ya mlango kwa futi ya fundi cherehani. Sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyopondwa. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu, vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Chumba kikiwa chembamba, kuta zinakuwa nyingi. Kutoka ukumbini hadi chumba cha nyuma unapita kuta tatu, na waifai nayo inapita hizo hizo. Ukuta unaotupa ubaridi saa saba mchana ndio unaokula mawimbi usiku na mchana.

Chini ni ukumbi na stoo. Ghorofa ya kwanza anakaa kaka yangu na mkewe na watoto wao watatu. Ghorofa ya pili ni ya Bi Mkubwa, mama yetu. Juu ndiko kwangu. Tunalipia pamoja kifurushi cha mega 50, yaani kasi ya megabiti 50 kwa sekunde. Kabla ya kufanya lolote nilipima kwa simu: chini nilipata mega 48, kwa kaka 21, kwa Bi Mkubwa 5, na juu bandani 0.7, siku nyengine simu haiioni waifai kabisa.

Hapo lazima niseme kitu kimoja ambacho kingeniokolea pesa lau ningekijua mapema. Ruta nyingi za siku hizi zinatoa mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Yale ya 5 GHz yana kasi kubwa lakini yanachoka upesi yakikutana na ukuta. Yale ya 2.4 GHz yanapenya zaidi, ila kasi yake ni ndogo na yamejaa watu, kwa kuwa humo kuna chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Nikisimama kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza simu yangu inaona waifai 23 za majirani na za hoteli zilizotuzunguka, zote zimebanana kwenye chaneli hizo. Ruta yetu pale chini ilikuwa inapiga kelele sokoni.

Baadaye nilipakua programu ya kupima nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Namba zake ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha kwa video, hasi 80 usitegemee kitu. Nikasimama ukumbini, upande huu wa ule ukuta wa sentimita 55, nikasoma hasi 52. Nikapita mlangoni, nikasimama nyuma ya ukuta, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa: hasi 68. Tofauti ya desibeli 16 maana yake nguvu iliyobaki upande wa pili ni kama sehemu moja kati ya 40. Ukuta mmoja huo. Tangu siku ile niliacha kulaumu kampuni ya intaneti.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ripita. Ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, kinadaka waifai na kuirusha tena mbele. Nilikinunua kwa shilingi 65,000, chapa yake siitaji. Nilikichomeka ghorofa ya pili, mlangoni kwa Bi Mkubwa, kwa sababu huko ndiko waifai ilikokuwa dhaifu. Na ndipo kosa lilipo. Ripita hairekebishi kitu, inarudia ilichokisikia. Ukiiweka mahali penye mega 5, inarudia mega 5, tena kwa kuwa inasikiliza na kusema kwa mawimbi yale yale, karibu nusu inapotelea njiani. Bandani nikapata mega 2, zikikatikakatika. Kisha ilikuja na jina lake la waifai, la pili, kwa hiyo simu ikishaunganishwa na ruta ya chini inaing'ang'ania mpaka pumzi ya mwisho hata kama umekaa ubavuni mwa ripita. Watoto wa kaka walikuwa wanajua kuzima waifai na kuiwasha upya kila wakipanda ngazi. Mtoto wa miaka saba hafai kujua hilo.

Watu huniambia, lakini mazungumzo ya video hayataki mega nyingi. Kweli, hayataki. Mega 3 au 4 zikiwa zimetulia zinatosha. Kinachoumiza ni ule mkatiko wa nusu nukta unaokuja kila baada ya dakika. Kwa anayezungumza na nduguye si kitu, atasema "rudia". Kwa mwalimu wa Kiswahili ni msiba. Nikisema "hatakuja" na sauti ikanyofoka pale mwanzoni, mwanafunzi amesikia "atakuja". Maana imegeuka kabisa, naye anaandika daftarini, na mimi sijui. Nilikuja kumkuta mwanafunzi mmoja, mwenye bidii kuliko wote, ambaye kwa wiki tatu alidhani kukanusha kwetu kuna namna mbili, yenye "ha" na isiyo nayo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akinisikia. Siku hiyo nilifunga laptopu nikaenda kukaa barazani. Nilijiona nimemdhulumu.

Ndipo nikanunua TP-Link Deco M4, boksi lenye vifaa vitatu. Huu ni mfumo wa meshi: vifaa vitatu vinavyofanya kazi kama ruta moja, jina moja la waifai, nenosiri moja, na wewe ukitembea navyo vinakupokezana. Kila kimoja ni mcheduara mweupe, urefu wake sentimita 19, unene kama kopo la maziwa ya unga, hakina antena iliyochomoza. Nyuma kina matundu mawili ya kebo, yote ya gigabiti, yaani yanapitisha hadi mega 1,000. Nimelipa shilingi 395,000. Kuna vipya zaidi vya Waifai 6. Hivi ni vya Waifai 5, kizazi cha kabla yake, na kwa kifurushi cha mega 50 sikuona sababu ya kulipia zaidi. Mwenye kifurushi cha mega 300 afikirie upya.

Kuviwasha ni kazi ya nusu saa. Unaweka programu yao kwenye simu, unafungua akaunti, unafuata picha. Hakuna njia ya kukwepa ile akaunti wakati wa kuanza, basi asiyependa kutoa baruapepe yake ajue mapema. Taa ya juu ikiwa ya kijani mambo sawa, ikiwa nyekundu kimepotezana na wenzake.

Kimoja nilikiweka chini karibu na ruta ya kampuni, cha pili ghorofa ya pili, cha tatu bandani. Hapo Bi Mkubwa akaingilia. Sebuleni kwake kuna vidaka, zile shubaka zilizochongwa ukutani, ambamo ameweka mrashi, chetezo na sahani za mama yake. Akakitazama kile kifaa cheupe akasema, "Mwanangu, kitie pale kwenye kidaka, kinapendeza." Nikakitia. Kilipendeza kweli. Na waifai ya juu ikafa. Kidaka ni shimo ndani ya ukuta wa mawe: nyuma mawe, juu mawe, kushoto na kulia mawe, pamebaki wazi mbele tu. Kifaa kilikuwa kinatazama sebule peke yake. Nilipokitoa na kukiweka kwenye meza ndogo pale ngazi zinapopinda, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, namba ya bandani ilipanda kwa desibeli 14 kwa mara moja.

Ngazi ndiyo njia. Katika nyumba ya mawe ya ghorofa kadhaa, tundu la ngazi ni mahali pekee ambapo hewa inapita kutoka chini hadi juu bila kukutana na ukuta, na panapopita hewa mawimbi yanapita. Ukikosa vyote vilivyomo humu, chukua hilo: kifaa kikae ngazini, wazi, kimo cha kifua au zaidi, mbali na tanki la maji, friji na kioo kikubwa, wala kisiwe nyuma ya televisheni.

Basi kwa mwezi mzima tuliishi hivyo, vifaa vitatu vikizungumza vyenyewe kwa vyenyewe bila kebo. Kwa kaka mega 35, kwa Bi Mkubwa 24, bandani 14. Kwa watu wengi hiyo inatosha, na wangeishia hapo kwa furaha. Mimi ilinitosha asubuhi. Usiku, kila mtu wa mtaa akiwa kwenye simu yake, bandani ilishuka hadi mega 4 na ule mkatiko ukarudi. Masika ilipoanza na kuta zikanywa maji, ikawa mbaya zaidi. Kosa halikuwa la kifaa. M4 ina redio mbili tu, ya 2.4 na ya 5 GHz, haina ya tatu ya kupelekeana ujumbe kati ya kifaa na kifaa. Kwa hiyo redio inayonihudumia mimi ndiyo hiyo hiyo inayoongea na mwenzake wa chini, na kwa kila mruko, kutoka kifaa kimoja hadi chengine, unapoteza karibu nusu. Mimi nilikuwa mruko wa pili.

Dawa yake ni waya. Deco M4 ukiviunganisha kwa kebo, vinaacha kupelekeana habari hewani. Vinapitisha kwenye kebo, na redio yote inabaki kwa ajili ya simu na laptopu zako. Hakuna cha kubonyeza, vinatambua vyenyewe. Nilikuwa nimelisoma hilo tangu mwanzo nikalipuuza, kwa kuwa nilihofia kutoboa nyumba. Nyumba hii si ya kutoboa ovyo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hata usingekuwemo, sura ya nje ya nyumba ya babu yetu si mahali pa kupitisha waya mweusi.

Nikampata fundi, kijana wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, anayefunga kamera na intaneti. Alifika asubuhi, akapiga hodi, akamwamkia Bi Mkubwa, akaomba kuona nyumba kwanza kabla ya kutaja bei. Nilimpenda kwa hilo. Alipanda na kushuka ngazi mara mbili akigusa kuta kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshanunua kebo, mita 50, shilingi 900 kwa mita, nikijiona nimepata bei. Akachukua ncha, akatoa kisu, akakwangua waya mmoja mwembamba. Chini ya rangi ya shaba pakatokea weupe.

"Mwalimu, hii usiivute humu ndani," akaniambia. "Ni alumini imepakwa shaba. Leo itafanya kazi, ikikunjwa kona mbili tatu itakatika kwa ndani, na utanipigia simu mimi."

Nje ya kebo ile pameandikwa Cat6, daraja la kebo ya gigabiti, kwa herufi safi kabisa. Duka nililonunua lilikubali kunirudishia nusu ya pesa. Nikanunua nyengine, ya shaba tupu, shilingi 2,000 kwa mita, baada ya yeye kuikwangua mbele ya muuzaji. Ukienda kununua, nenda na kisu. Haidhuru kitu, sentimita mbili za mwisho zinakatwa hata hivyo.

Hakutoboa ukuta hata mmoja wa mawe. Alitumia tundu la zamani lililokuwa likipitisha waya wa antena ya televisheni tangu enzi za baba, kutoka paani hadi ghorofa ya pili, na kuanzia hapo akafuata pembe ya ngazi hadi chini, ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki mweupe. Kwenye lile tundu kebo ilikataa kupita. Akafunga nati kwenye uzi wa kushonea magunia, akaiteremsha kutoka juu, na Bi Mkubwa akakaa kwenye kigoda chini akisikiliza ndani ya ukuta. "Imefika," alisema, kabla sisi hatujaiona. Akaushika uzi yeye mwenyewe, na kebo ikavutwa.

Kisha kazi ya vichwa vya kebo. Hapa nilikaa karibu nikitazama, maana napenda kumwona mtu anayejua kazi yake. Kebo ina nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili. Anazifungua, anazinyoosha kwa kidole gumba, anazipanga: machungwa yenye weupe, machungwa, kijani yenye weupe, buluu, buluu yenye weupe, kijani, kahawia yenye weupe, kahawia. Anazikata ziwe sawasawa, anazisukuma kwenye kichwa, anabana kwa koleo. Halafu testa: taa zinawaka moja baada ya moja, kutoka 1 hadi 8. Kichwa cha bandani kilihesabu moja, mbili, tatu, nne, kikaruka ya tano, kikaendelea. Nikamwambia labda si kitu. Akasema ni kitu: nyaya nne zikishika, intaneti itapita, lakini itapita kwa mega 100 tu, gigabiti inataka zote nane. Nikamkumbusha kuwa kifurushi chetu ni mega 50. "Leo ni 50, mwalimu," akasema, na akakikata kichwa kile akaanza upya. Taa zote nane zikawaka. Alichukua shilingi 90,000 kwa siku nzima, na ningempa zaidi.

Mpangilio wetu ni huu. Ruta ya kampuni inaingia kwenye Deco ya kwanza, hiyo inatoka kwenda kwenye swichi, kidude cha kugawa kebo moja ya intaneti kwa nyengine, ndogo ya matundu matano, na kwenye swichi kebo mbili zinapanda: moja ya mita 15 hadi pale ngazi zinapopinda, moja ya mita 31 hadi bandani. Mtu anaweza kuunganisha kwa mnyororo, kifaa cha chini kwenda cha kati, cha kati kwenda cha juu, na kuokoa bei ya swichi. Fundi alikataa: cha kati kikizimika, cha juu nacho kimekwisha. Waifai ya ruta ya kampuni tuliizima, ili isigombane na hii yetu.

Tulipima usiku, saa tatu, wakati mbaya kuliko wote. Chini 48. Kwa kaka 47. Kwa Bi Mkubwa 44. Bandani 47. Nilirudia mara nne kwa kuwa sikuamini. Mkatiko umetoweka.

Lakini aliyefaidi zaidi pengine si mimi. Dada yetu mkubwa yuko London, na kila Ijumaa baada ya sala hupiga simu ya video kwa Bi Mkubwa. Zamani Bi Mkubwa alikuwa akikalishwa kwenye kiti kimoja mlangoni, asitikisike, kama anayepigwa picha ya paspoti. Sasa anatembea nayo. Anaanzia sebuleni, anapanda ngazi akimwonyesha mwanawe asumini iliyochanua paani, anashuka hadi jikoni kwa wakwe. Simu inapokezwa kutoka kifaa hiki hadi kile na picha haitikisiki. Ijumaa ya kwanza dada alilia. Alisema hajaiona ngazi ya nyumba yetu tangu 2016.

Mambo mawili ya kuyajua kabla hujanunua. Deco inaweza kufanya kazi kama ruta kamili, au kama kituo tu kinachotoa waifai huku ruta ya kampuni ikiendelea na kazi yake. Fundi alichagua namna ya pili, kwa sababu ruta mbili zikifuatana mara nyengine huleta matatizo kwenye michezo na kamera. Ila ukichagua hiyo, zile huduma za kuwawekea watoto saa za kulala na kuzuia tovuti kwenye programu ya Deco hazipatikani. Mke wa kaka alizitaka sana hizo. Tumeziweka kwenye ruta ya kampuni badala yake. Zinafanya kazi, japo menyu zake ni ngumu. La pili ni kwamba usiongeze kifaa kwa hofu. Boksi la vifaa vitatu likitosha, cha nne kitawazidishia majirani makelele na wewe hutapata kitu.

Jirani mmoja aliniuliza kuhusu vile vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Kwetu nilivitupa mapema, kwa sababu kila ghorofa ina mita yake ya umeme na nyaya zenyewe ni za miaka na miaka. Kwenye nyumba mpya yenye mita moja huenda hadithi ikawa nyengine. Na kama nyumba yako ni ya matofali ya kawaida, ghorofa moja na chini yake, vifaa viwili bila kebo yoyote vinatosha, viweke ngazini ukalale. Ni zege nene na mawe yanayodai waya.

Hesabu yangu: Deco 395,000, kebo 100,000, swichi 35,000, vichwa na mfereji 15,000, fundi 90,000. Jumla 635,000, bila ile ripita na ile nusu ya kebo bandia. Tuligawana watatu, mimi, kaka na dada wa London. Si pesa ndogo. Kwangu mimi ilirudi ndani ya miezi miwili, kwa sababu wanafunzi wawili waliokuwa wameniaga walirejea.

Kilichobaki kilikuwa umeme. Kila kifaa kinataka soketi yake, na soketi ikizimika kifaa kinazimika, hata kama faiba iko hai. Sisi tuliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009, tulipokaa miezi mitatu gizani, hatuusahau umeme. Nimenunua UPS, yaani betri za akiba, mbili ndogo za ruta, shilingi 95,000 moja, kwa kuangalia kwanza volti iliyoandikwa kwenye adapta ya kila kifaa ili zilingane. Moja iko chini, inabeba ruta, swichi na Deco ya kwanza. Nyengine iko bandani. Ya kati bado, na hapo nilimshukuru fundi kwa kuukataa ule mnyororo.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika saa mbili usiku, nikiwa katikati ya somo na mwanafunzi wa Leipzig. Mtaa wote uliingia giza. Yeye hakujua kama kuna kilichotokea mpaka aliponiuliza, kwa Kiswahili, "Mwalimu, mbona sikuoni?" Nikawasha tochi ya simu nikaiegemeza kwenye kikombe, tukaendelea tulipoachia: mti, miti, mkono, mikono, mlango, milango.